Moris Maina

Tulipohamia nyumba za reli, Nakuru,
majirani waliniuliza kwa minong'ono:
huyu mama yenu mpya, huyu nesi,
mbona kila usiku anatoka na Moris Maina?

Nilikuwa na miaka tisa.
Mama alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili
chini ya udongo wa Lugari.
Nikalala na swali hilo kama jiwe chini ya mto.
Nikamtafuta huyo Maina dirishani,
nikidhani ana kofia na sauti nzito.

Sauti alikuwa nayo.
Mengine yalikuwa bati: bodi la kijivu,
mabega ya mviringo kama mkate wa sufuria,
na vidole viwili vilivyochomoka ubavuni
kuonyesha gari linakokata kona,
cha kushoto kikikwama
mpaka nguzo ya mlango ipigwe ngumi.

Alilinunua kwa mzungu wa Subukia
aliyekuwa akifunga mizigo,
kwa mafungu kumi na mawili na mbuzi mmoja.
Dorika Nafuna, mkunga.
Alilijaza beseni, blanketi, taa ya chemli,
na wanawake waliolia njia nzima
kutoka Bahati hadi hospitali kuu.
Wawili hawakufika.
Kiti cha nyuma kina ramani
ambayo sijawahi kutaka kuisoma.

Siku moja nikachukua msumari wa inchi nne.
Mlango wa dereva, chini ya kishikio,
nikaanza kuandika maneno ya shangazi zangu,
yale waliyosema jikoni wakidhani nimelala:
SI MAMA.
Nilifika herufi ya nne.
Kikohozi chake, nyuma ya kamba ya nguo.
Msumari ukaanguka nyasini, nami nikaufuata.

Alisoma. Akasoma tena,
kama anavyosoma kipimajoto.
Jioni akaniwekea sahani, mvuke ukipanda,
mrenda pembeni.
"Ile sima uliyoagiza," akasema, "imeiva."
Baba akauliza, sima gani?
Hakuna aliyemjibu.

Miaka arobaini na mitatu neno hilo lilizunguka mji.
Wenye vibanda wakimwita: Nesi, leo kuna sima?
Naye akipiga honi.
Kila Jumamosi alipolisugua gari kwa kitambaa
alipita juu ya herufi zangu polepole,
asije akazifuta.

Nilimwita Nesi. Halafu Mama Masinde,
mdogo wangu alipozaliwa.
Halafu, kwenye simu, sikumwita chochote,
nilianza tu na "habari za huko."

Alifariki mwezi wa sita,
redio ikisoma bei ya mahindi.
Masinde, mwanawe wa kumzaa, akaja kutoka Bungoma
na hesabu tayari:
harusi, riboni, elfu ishirini kwa siku.
Lakini karatasi ilikuwa na mstari mmoja
kwa mwandiko wake wa kadi za wagonjwa:
Moris apewe Rispa. Anaujua mlango.

Leo tumelisukuma, mimi na waosha magari wawili,
hadi kwa fundi Gathitu.
Ndani bado kunanuka dawa ya hospitali,
petroli, na vitunguu.
Vumbi la magadi limeingia hadi kwenye kabureta.

Gathitu anazunguka, anagonga bati kwa kifundo cha kidole,
anataja: klachi, rejeta, bushi, nyaya zote.
Mlango wa dereva, anainama.
"Na hii sima? Tunajaza puti, tunapaka rangi.
Elfu nne tu. Hakuna atakayejua."

Nikaipiga nguzo ngumi moja.
Kidole cha kushoto kikachomoka, taa yake imekufa,
kikabaki hapo juu kikielekeza ukutani.

"Breki," nikamwambia. "Anza na breki."