Kilo Kumi na Moja

Elfu sitini za franka nimezikunja mara nne,
nimezificha ndani ya kasha la bobini
ambako mume wa dada yangu hafikishi mkono.
Sare ishirini na mbili za shule zimo ndani yake,
na vifungo vyake vyote.

Tangu mvua za kwanza, kila Jumapili uwanjani Kasapa,
mwalimu Kabwit huniazima upinde wake.
Ni mwema. Lakini upinde wa kuazima
una kiganja cha mwenyewe: pale pa kushikia
dole gumba lake limechimba kishimo,
na langu hukaa humo kama mgeni
asiyejua ale au angoje.

Basi leo Katuba, kwa Kapend,
seremala wa vitanda na majeneza
anayechonga pinde usiku, umeme ukirudi.
Ziko tisa ukutani, hazijafungwa upote,
zimenyooka kama watu waliokatazwa kucheka.

Macho yangu yakaenda kwa ule mweusi.
Kila mtu huenda kwa ule mweusi:
ngozi ya mbuzi kwenye shikio,
nakshi kama meno ya msumeno toka ncha hadi ncha.
"Laki moja na ishirini," akasema, hata sijauliza.

Akaangika upote kwenye ndoano ya mizani,
ile ile ya kupimia magunia ya makala,
akauvuta upinde chini kwa urefu wa mkono wangu.
Sindano ikasimama kwenye ishirini na tatu.
"Jaribu wewe."
Nikavuta. Nusu ya njia bega likaanza kusimulia
habari zake zote toka utotoni.
Kapend akatazama pembeni, kwa adabu,
kama unavyotazama pembeni mwenzako akipungukiwa nauli.

"Nitauzoea."
"Huuzoei. Utauogopa. Na mwenye kuuogopa upinde
huachia kabla hajalenga."

Ndipo ikanijia hila ya kazi yangu.
Nikatoa kipande cha satini,
mabaki ya gauni la bibi arusi mmoja wa Ruashi,
nikakipitisha mgongoni mwa ule mweusi, polepole,
kama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala.
Karibu na ncha ya chini kikanasa.
Uzi mmoja ukabaki pale,
mweupe, juu ya mti mweusi.

Aliuona. Hakusema kitu.
Redio ya jirani ikasoma matangazo ya vifo, yote.
"Elfu hamsini, uende nao sasa hivi."

Hamsini. Nami nina sitini.
Nakiri, hesabu niliifanya.
Nikauona uwanja mzima ukigeuka kunitazama.
Lakini najua mshono mbovu tabia yake:
haufumuki siku ya kujaribu nguo,
hungoja siku ya sherehe.

Nikaomba ule wa saba.
Rangi ya ukoko wa bukari, kifundo kimoja cha mti,
hauna ngozi, hauna nakshi.
Sindano: kumi na moja.
Satini ikateleza mwanzo hadi mwisho bila neno.
Nikafumba jicho, nikauangalia toka nchani:
upote umeugawa katikati
kama mstari wa chaki kwenye suti.

"Arobaini."
"Thelathini."
"Na tano. Usinichoshe."
Mishale mitatu, manyoya ya bata mzinga,
elfu saba kila mmoja, hapo hakushuka hata franka.
Zikabaki elfu nne.

Nimeshageuka aliponiita:
"Matabishi yako."
Donge la nta ya kupaka upote,
limefungwa katika kitambaa cheupe
cha kazi yake ile nyingine.
Sikukiuliza kitambaa chochote.

Elfu nne nikanunua vifungo.
Nikarudi kwa miguu, upinde begani,
watoto wa njiani wakiniuliza nimeua nini.

Asubuhi bega linauma, upande wa kulia tu.
Sare sita zinangoja.
Nakanyaga cherehani, na gurudumu likizunguka
kule ukutani ule wa saba, umevuliwa upote,
unatikisika kidogo juu ya misumari yake miwili.