Herufi Nne, Wima

Theluji imefika kizingiti cha dirisha
na hakuna aliyesikitika.
Pasaka huku mlimani ni machungwa kwenye beseni,
soksi za sufu zikikauka juu ya jiko la kuni,
na gazeti la Alhamisi Kuu
lenye fumbo la maneno, ukurasa mzima,
miraba kama madirisha ya mji
ambao bado haujawasha taa.

Nimelinyoosha kwa kiwiko.
Dada yangu Ragnfrid hujaza kwa wino.
Mimi kwa penseli. Ndivyo tulivyoishi pia.

Mwanzoni vya bure: mto wa Italia, herufi mbili;
ndege asiyeruka, mvaa koti.
Makapi hayo, yanapeperuka yenyewe.
Lakini mtungaji, tusiyemjua sura,
anayetia sahihi kwa herufi moja tu,
ni bahili wa kusema wazi.
Ameandika: *Husimama msituni, hufuata mbili.*

Ragnfrid akaguna. Mimi nikamenya chungwa,
nikachambua nyuzi nyeupe, uzi baada ya uzi,
na kwenye pande la tano, lo!
Kwa lugha yetu mti na tatu ni neno moja,
na lina herufi tatu, limejihesabu lenyewe!

Miaka thelathini nilimshikia daktari wa meno koleo,
kwa hiyo naujua utamu huu unakokaa:
ni jino la utoto linalocheza,
ulimi unalisukuma, unaliacha, unalirudia,
halafu, tk,
liko kiganjani, dogo kuliko ulivyodhani.

Ijumaa tuliipoteza kwa kosa la Ragnfrid.
Kumi na saba mlalo, kaandika kwa wino, kwa mbwembwe,
na kona nzima ikagoma.
Maneno mazuri yalikuja, yakakuta mlango umefungwa,
yakarudi. Jioni akakiri.
Akapaka wino juu ya wino mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi likabaki moja.
Herufi nne, wima:
*Bibi arusi alivyokuwa jioni,
na kilichokuwemo asubuhi katika kahawa ya mumewe.*
I ya pili. T ya mwisho. Basi.

Mpwa wetu Jardar akaingia, skii begani, mashavu mekundu,
akatoa simu. "Nitafute?"
"Irudishe mfukoni," tukasema kwa pamoja,
"au utalala nje na hizo skii."
Hajui huyu. Anayepewa jibu
hapewi kitu.

Nikalala nalo. Likanigeuza ubavu huu, ubavu ule.
Saa tisa usiku kibofu kikaniita,
nikavaa koti juu ya gauni la kulalia,
nikafuata njia tuliyochimba kwa sepeto
hadi choo cha nje. Baridi ya kung'ata masikio.
Nimeketi pale, tochi mdomoni,
nyota zimejaa upenyo wa mlango,
siwazi lolote, wallahi, siwazi lolote,
neno likaja lenyewe na kuketi mapajani pangu.

Sumu.
Na aliyefunga ndoa.
Neno moja! Herufi zile zile nne!
Nimelisema maisha yangu yote kwa midomo miwili
bila midomo hiyo kujuana.
Nililijaza kwenye fomu za benki miaka kumi na mmoja,
nilipokuwa wa Halvdan,
nikalisoma kwenye chupa za dawa ya panya,
sikuwahi kuyakutanisha.

Nilicheka hadi tochi ikaanguka.
Pale, peke yangu, suruali ya ndani magotini,
mwanamke wa miaka sitini na nne,
tajiri.

Nikarudi mbio, theluji ndani ya ndara.
Sikuitafuta penseli. Nikachukua wino wa dada,
nikajaza, herufi kubwa, bila kutetemeka,
na ukurasa ukatulia wote kwa mara moja
kama darasa mwalimu anapoingia.

"Umelipata," Ragnfrid akasema gizani.
Sikujua yuko macho.
"Nililijua tangu mchana.
Nilikuwa nangoja uliseme wewe."