Kadi ya Tusekile

Mvua ya Mwakaleli haikuniuliza kama nimebeba mizani.
Nilifika kwa Gwamaka viatu vimejaa tope,
nikaomba kadi ya kliniki.
Mama wa mtoto akainamia jiko, akachochea moto usiohitaji kuchochewa.
Gwamaka akacheka kidogo, akakohoa sana:
"Karatasi za kusokotea zilikuwa zimeniishia."

Basi ndiyo hiyo.
Februari ilivutwa jioni moja, na Machi,
na nusu ya Aprili.
Ule mstari niliouchora kwa kalamu ya kuazima
ulipanda darini
haraka kuliko mtoto mwenyewe alivyowahi kupanda.

Sikumkaripia. Hotuba nilikuwa nayo, kweli,
nilipewa kwenye semina Tukuyu,
kurasa sita, na picha ya mapafu.
Iliniishia kooni.
Nikamwambia: shika kamba.

Tukapitisha kamba juu ya boriti,
Tusekile ndani ya kaptula ya kupimia, miguu ikining'inia,
miezi kumi na minne,
nywele nyepesi, nyekundunyekundu, kama ndevu za hindi.
Mshale ukatafuta namba.
Baba akakohoa.
Kamba ikatikisika, mtoto akayumba, mshale ukakimbia.
Tukangoja.
Akakohoa tena.

Mara tatu kifua chake kilimfuta mwanawe kwenye mizani.
Mara ya nne akabana pumzi, mishipa ya shingo ikamsimama,
nikasoma:
kilo saba na nusu.

Nje, kreti za parachichi zilikuwa zinangoja lori,
zile safi, za kwenda ng'ambo.
Zilizokwaruzwa hupewa nguruwe.
"Hata hizi?" akauliza mama.
Hizo hasa. Ziponde na ndizi.
Na usipa wa Matema, utwange mpaka usiwe na macho.
Na yai,
hilo unalomwekea mgeni:
mgeni mwaka huu ndiye huyu.

Mwezi uliofuata kadi mpya ilikuwa ndani ya pakiti ya chumvi,
imekunjwa mara mbili,
inanuka tumbaku.
Hajaacha. Sitawadanganya.
Anavutia nyuma ya zizi, mvua ikimnyea,
na siku ya mizani hagusi tangu alfajiri,
ili kamba isicheze.

Saba na gramu mia tisa.
Aliniomba kalamu.
Nukta akaiweka mwenyewe,
akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.