Kikohozi Kiliponyamaza

Hull, Januari. Jumatatu daktari wa mtaa
alimsikiliza Shemsa mgongoni, kifuani, kwapani,
akasema: virusi tu, baba. Mpe maziwa kidogo kidogo.
Nikarudi na karatasi ya maelezo mfukoni
na haya usoni, kama mtu aliyebisha hodi
nyumba isiyo yake.

Jumatano usiku mama yake yuko zamu,
anawageuza wazee wa watu vitandani kule Hessle,
simu yake imefungiwa kabatini.
Nimebaki na mtoto wa miezi saba,
dirisha linalotoka jasho,
na kikohozi kinachobweka hata Bi Maureen wa ukuta wa pili
akagonga mara mbili: niko macho, nami pia.

Saa nane kikohozi kikanyamaza.
Nilishukuru, Mungu anisamehe.
Nikasema kapata nafuu, nikateleka maji ya chai.

Birika likajizima. Ndani ya kimya kile
nikasikia msumeno mdogo
unakata mbao laini.
Mchana mimi hukata mbao kiwandani,
tunaunda vijumba vya magurudumu vya watu wa likizo;
msumeno uliochoka naujua kwa sauti.

Nikamfungua vifungo.
Nyama ya katikati ya mbavu inazama, inainuka, inazama.
Kishimo cha chini ya koo kinanywa hewa
kama mchanga unywavyo maji, usishibe.
Pua zimetanuka.
Nepi niliyomvika magharibi
kavu kama iliyotoka pakitini.

Karatasi ilisema: tazama kama ngozi imekuwa buluu.
Ngozi ya nani? niliiuliza taa.
Mwanangu ana rangi ya buni iliyokaangwa ikaiva;
buluu ikija kwetu haipandi shavuni kujitangaza.
Nikamshusha mdomo wa chini kwa kidole gumba:
kijivu, jivu la mkaa uliomwagiwa maji.
Ulimi vilevile.
Viganja vilevile.

Nikaweka saa mezani nimhesabu dakika nzima.
Nilifika hamsini na tatu
akaacha.
Hivi hivi. Akaacha.
Kisha akavuta tena, kama aliyekumbushwa,
nami nilikuwa nimeshabonyeza tisa, tisa, tisa.

"Samahani kwa kuwasumbua," nilianza,
Kiingereza kikijikwaa kwenye meno.
Mwanamke yule akanikata: "Anapumua sasa hivi?"
Hakuuliza nimetoka wapi.
Hakuuliza habari za Jumatatu.
Aibu niliyoibeba siku mbili
kumbe haikuwa na mwenyewe.

Gari lilikuja bila king'ora.
Buluu niliyoitafuta kwa mtoto
ikawa inazunguka kwenye dari ya sebule,
na Bi Maureen mlangoni, koti juu ya gauni la kulalia,
ananisukumia mkononi viatu nilivyovisahau.

Kwenye kidole gumba cha mguu wakambana taa nyekundu:
themanini na sita.
Mrija puani, plasta mashavuni.
Themanini na tisa. Tisini na tatu.
Viganja vikaanza kurudi
rangi ya ndani ya pera.
"Ugonjwa ni ule ule wa Jumatatu," muuguzi alisema,
akiandika, hata hakuinua macho.
"Mtoto ndiye aliyechoka."

Saa moja asubuhi mama yake akaingia na sare,
kitambulisho shingoni, theluji kwenye nyusi.
Hakusema neno.
Alimshusha Shemsa mdomo wa chini, akatazama,
ndipo akatafuta kiti.

Tumerudi nyumbani siku ya kumi leo.
Bado naamka kuhesabu, mke wangu ananicheka, naye anahesabu.
Usiku wa tatu huu Bi Maureen anakohoa,
kikohozi kizito, cha mtu anayesogeza kabati.

Sasa hivi kimekatika.
Nimesema alhamdulillahi,
nikaimeza katikati.
Nimegonga ukuta mara mbili.

Viatu vyangu viko wapi?