La Ishirini Linakataa

Kwanza nilipiga marufuku neno "nzuri".
Nililiandika ubaoni, nikalikata kwa chaki nyekundu,
Darasa la Sita, Makorora, Stadi za Kazi,
kipindi cha baada ya uji, bati likianza kulia kwa jua.
"Haya, Hiza, kazi yako ikoje?"
"Nzu—" akajiziba mdomo. Darasa zima likaangua kicheko.

Mezani vilikaa walivyovibuni wenyewe:
kizoleo cha kopo la mafuta ya kula,
kibuyu chirizi cha dumu la lita tano,
kigoda cha miguu mitatu kinachosimama kwa miwili,
na kapu la Hiza, la kufunga nyuma ya baiskeli,
lililosukwa kwa singa za katani
alizookota nje ya uzio wa kiwanda.

Nikawauliza, sikupamba:
Ulikusudia nini? Ulimkusudia nani?
Naye alisemaje, ulipomwachia akitumie
na wewe ukanyamaza?

Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi.
Mwantumu alimpelekea jirani kizoleo chake
kisha akasimama mlangoni akimwelekeza namna ya kukishika.
Nikamwambia, rudi tena. Fumba mdomo, fungua daftari.
Akaja na mistari miwili:
*Bi Mashavu alikishika kwa upande wa khanga. Ukingo unakata.
Mimi sikukatwa kwa sababu najua pa kushika.*

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake,
hata akiwa na miaka kumi na miwili
na meno ya mbele bado hayajalingana.

Mimi, umri huo, shuleni Pongwe,
nilishona foronya.
Mwalimu aliitazama kwa muda wa kufungua kalamu,
akaandika 41.
Nimeilalia ile arobaini na moja miaka yote hii
nisijue kama ni mshono, ni kona,
au aliamka vibaya.
Foronya yenyewe haikuwahi kulaliwa na kichwa cha mtu.

Ijumaa tukalijaribu kapu.
Mama yake Hiza, muuza machungwa wa Barabara ya Kumi na Mbili,
alikuja na kiroba kutoka Muheza.
Tukahesabu kwa sauti, moja moja,
kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa,
kitako kikafumuka.
Machungwa yakakimbilia chini ya madawati;
moja lilifika hadi kizingiti cha ofisi ya mwalimu mkuu
likasita, kama lililoitwa kwa kosa.

Nilimtafuta mtoto usoni, nikitarajia machozi.
Hakuwapo. Alikuwa sakafuni, kaliinua kapu juu ya kichwa,
anachungulia mwanga kupitia tundu.
"Ni fundo hili la pembeni," akasema.
"Nililifunga jioni. Nilikuwa na njaa."
Mama yake akafuta chungwa kwa kiganja:
"Mimi, baba, hupakia mia."

Akaandika:
*Kapu langu linabeba machungwa kumi na tisa. La ishirini linakataa.
Mama anataka mia. Kitako kisukwe mara mbili.
Rangi ameipenda. Hamkuniuliza rangi lakini naandika.*

Nikaishika kalamu nyekundu.
Nikairudisha mfukoni.

Tungeishia hapo, kengele igongwe,
lakini Mwantumu alikuwa ameinama kwenye meza yangu,
ile inayoyumba tangu nihamie shule hii.
"Mwalimu, na hii nani aliipima?"
Akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne chini ya mguu,
akaikunjua, akanipa.

Andalio langu la somo, la mwaka jana.
Kwenye kisanduku cha chini kabisa, Tathmini ya Mwalimu,
kwa mwandiko wangu ulionyooka:
*Somo lilikuwa zuri.*

Meza ikainama upande, chaki zikaanza kuviringika.
Mwantumu aliidaka ile nyekundu
akaninyooshea.