Hakuna Nyundo Dundee

Ijumaa, chipsi na samaki,
siki imelowa hadi kwenye kochi la watu,
la watu, maana bado tunalilipia.
Mvua ya Lochee inagonga dirisha kama mdai.
Filamu huchagua Struan,
nami kila Ijumaa huomba kimoyomoyo: isiwe ile.
Leo ni ile.

Baba mrefu asiyejua kugeuza chapati za maji,
mama mwenye meno mengi kuliko maneno,
bata wa kufugwa, bibi anayeangukiwa na keki,
na mapacha wawili wanaoshuka garini
na begi moja, nyuso zimeoshwa, tayari kupendwa.
Dakika ya ishirini wamevunja kabati la vyombo.
Dakika ya sitini wametoroka kwenye mvua
ambayo hata mimi naona ni ya bomba.
Dakika ya themanini na tano jaji anapiga nyundo, ko!
nao ni familia. Bata anapiga kelele za furaha.

Sisi ilituchukua miaka miwili na miezi minne.
Kulea mimba si kazi, walisema.
Mimba yangu ilikuwa faili la kijani
alilolibeba Bi Morag kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe,
akiniuliza mara ya tatu habari za ndoa yangu ya kwanza,
mshahara wa zamu za usiku hospitali,
na ile ngazi isiyo na kizuizi.
Akafungua friji yangu. Akatazama. Akaandika.

Siku ya mahakama jaji (huku humwita sherifu, ila hana farasi)
alivua miwani akamwuliza Struan anashabikia timu gani.
Mji huu una mbili, viwanja mtaa mmoja;
jibu lingeweza kutuharibia kesi.
"Zote zinafungwa," akasema Struan.
Hakuna nyundo. Nchi hii majaji hawana nyundo.
Kulikuwa na kalamu, nayo ikagoma kutoa wino.

Halafu kinakuja kile kichekesho.
Kaka mkubwa, mtoto wa tumbo, anamwambia pacha mmoja:
"Wewe uliokotwa!"
Watu wasioonekana wanacheka.
Hata kwetu Tanga tulitaniana hivyo. Dada yangu Mwanahawa,
kidole usoni kwangu: wewe tulikuokota jalalani!
Nililia mpaka mama akanionyesha kovu la upasuaji.
Mimi sina kovu la kumwonyesha huyu.

Struan ameacha kutafuna.
Mkono wangu unatafuta rimoti, unashika chipsi.
"Wanacheka nini?"
Sijui.
"Mama yao yule wa kwanza yuko wapi?"
Hawakumweka.
"Walimsahau?"

Ningempa neno letu, kama angelitaka:
kuasili. Ndani yake imelala asili,
na ukilikata mapema linabaki kuasi.
Miezi ile ya mwanzo kazi yake ilikuwa kuasi:
alichana pazia, akamwaga maziwa makusudi,
polepole, akinitazama
aone uso wangu utafanya nini.
Hapakuwa na bata.
Na asili yake ina jina, Kirsty, na kadi moja kwa mwaka,
mwandiko umeinamia upande
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo.
Zimo ndani ya bati la biskuti. Anajua lilipo.
Hajaniomba kulifungua tangu Pasaka.

Majina yanapanda kwenye skrini, mamia ya watu
kwa ajili ya mapacha wawili.
"Sasa wanakula nini?"
Nani?
"Wale. Kesho yake. Ikishaisha."
Nikasema labda keki iliyobaki.
Akafikiri. "Ilianguka," akasema, akaenda kupiga mswaki.

Saa nne usiku naingia kwa kunyata.
Chini ya mto, kama kawaida, kipande cha mkate,
kikavu, kigumu kama kisigino.
Zamani nilikuwa nakitupa.
Siku hizi nakitoa, naweka kingine kilaini.
Sipaki siagi. Shuka nimefua jana.