Mvua ya Unga

Keko Machungwa, mwezi wa pili, joto la kuivisha ndizi.
Banda la Chaurembo: bati juu, bati ubavuni,
magunia madirishani ili wasiolipa wasichungulie,
na sisi sitini juu ya mbao, magoti kwenye migongo,
tukimtazama mzungu mmoja
akifungua mlango: nje weupe mtupu.

Chaurembo ndiye aliyetafsiri.
Kiingereza hakutushinda, ila kipaza sauti kilikuwa chake.
"Hapo," alisema, "inanyesha mvua ya unga."
Tukacheka. Unga wetu hukopwa kwa Mpemba, robo kwa robo,
kule unaanguka wenyewe
na hakuna wa kukinga sufuria.

Kisha mzungu akafunga mlango, na kimya kikabaki naye ndani.

Hicho ndicho kilichotutisha.
Damu tuliizoea, Vingunguti si mbali.
Lakini sisi ni watoto wa kelele: mashine ya kusaga,
redio ya jirani, jirani mwenyewe na mkewe;
Keko ikinyamaza ujue kuna maiti.
Na kule dunia nzima imenyamaza,
kila mti umevikwa.
"Kama sanda," akasema Chaurembo,
na kwa mara ya kwanza hakutania.

Asubuhi, nyayo.
Mstari mmoja, kutoka kizingitini hadi msituni.
Za kurudi hakuna.

Mchanga wetu hautunzi siri wala ushahidi:
umepita, wamepita mia juu yako,
mbuzi, toroli la maji, mpira wa makaratasi.
Kule ardhi inakuandika
na inakaa na maandishi yake, inamsubiri msomaji.

Mzungu akashika kitasa. Umeme ukakatika.

Tukazomea, tukadai hela zetu.
Chaurembo, gizani, jasho likimtiririka hadi sauti,
akamalizia mkanda kwa mdomo:
kwamba mlangoni alikuwa ndugu yake,
amekuja kumchukua, wakaondoka wote,
huko mbele kuna jua.
"Mwongo!" tulimwambia. "Mwongo we!"

Mimi nilipiga kelele kuliko wote.

Kwa sababu mjomba Mwinyimvua alizamia meli
mwaka niliong'oka meno ya mbele.
Aliingia na mkate, dumu la maji, na sweta la marehemu babu.
Miaka miwili, ndipo ikaja picha, bila barua:
amesimama katikati ya weupe, koti si lake,
anacheka kama mtu aliyeambiwa acheke.
Bibi aliiweka kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.

Usiku ule niliitoa. Nikaisogeza kwenye kibatari
na kuisoma kama mkanda.
Nyuma ya mjomba, nyayo zake, zimemfuata hadi visiginoni.
Mbele yake, mpaka ukingo wa karatasi,
hakuna alama. Laini, kama shuka ya hospitali.

Sasa nani alimpiga picha?

Nikamwamsha mama, nikamuuliza hivyo hivyo.
Akatazama. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.
"Lala," akasema.
Lakini yeye hakulala; nilimsikia hadi alfajiri
akijipepea na kipande cha boksi,
akijipepea hata pale upepo ulipoingia.

Bibi amekwenda, banda limekuwa duka la simu.
Picha ninayo mimi.
Ninalo na friji, la mtumba, linanguruma kama lina kifua,
na juu, kwenye ule mfuko wa samaki, huota weupe.
Usiku wa joto nikiamka kutafuta maji
huwa nakandamiza kidole pale, mara moja,
nafunga mlango.

Asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kumsalimu mtu,
nafungua kuangalia
kama alama bado ni moja.